Hakuna Ua la Kuzuia Mazuku

Nyinyi vijana mnaouza maua sokoni Birere, na nyinyi mnaoyauza kwa picha za simu, kaeni chini leo nizungumze nanyi. Msitegemee upole. Nimetunza maua ya ndani kwa zaidi ya miaka thelathini, katika nyumba na maofisi ya mtaa wa Himbi, na sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika mwaka huu.

Kwa wasionijua, naitwa Kavira. Nilizaliwa Butembo, Goma imenizeesha, na wengi wananiita Mama Maua. Niliacha kazi magoti yalipoanza kulia kila nilipochuchumaa mbele ya chungu.

Ua ninalotaka kulisema mnalijua. Majani yake ni marefu, magumu, yamesimama wima, yana michirizi ya kijani iliyokolea na kijani hafifu, na mengine yana pindo la manjano. Kwenye vitabu ni sansevieria. Wenye Kifaransa wanaliita ulimi wa mama mkwe, na mimi ambaye ni mama mkwe wa wanaume watatu nimechekwa kwa jina hilo kuliko ninavyostahili.

Nianze na hasira ndogo. Mnaliuza kama ua la Ulaya. Nimemsikia mmoja wenu kwa masikio yangu akimwambia mteja, "Hii ilikuya na ndege, mama." Ndege gani, na kiwanja cha ndege chenyewe kimefungwa? Ua hili ni la kwetu. Linaota lenyewe katika misitu ya Kongo, na wazee walikuwa wakitoa nyuzi zake wakasokota kamba. Mnaona aibu gani kusema kitu kizuri kimetoka hapa?

Aliyenifundisha kazi ni muzee Serugendo, mtu wa Rutshuru, mkuu wa watunza bustani katika nyumba moja kubwa ya Himbi. Alikuwa mfupi, mkali, na akikasirika Kiswahili chake kiligeuka Kinyarwanda katikati ya sentensi. Nilipofika kwake nilijua kitu kimoja tu, bustani ya mboga ya mama yangu, na mboga hunyweshwa asubuhi na jioni. Basi nikainywesha hata sansevieria asubuhi na jioni. Wiki ya tatu majani yakaanza kulegea na kulala pembeni. Nikasema moyoni, hii ni kiu, nikaongeza maji. Muzee akapita, akashika jani moja, likang'oka lote mkononi mwake bila kuvutwa, na tako lake linanuka kama mihogo iliyosahauliwa ndani ya maji.

"Kavira," akaniuliza, "hii ua ilikukosea nini?"

"Nilikuwa ninaipatia maji kila siku, muzee."

"Njo maana inakufa. Tia kidole mu udongo. Ikinata kwa kidole, acha maji, wende kunywa chai. Ikiwa kavu mupaka kiungo ya pili, njo unyweshe."

Chai niliyokunywa kwa sababu ya ua hilo ni nyingi sana. Lakini tangu siku hiyo sikuua tena sansevieria kwa maji. Wakati wa mvua, Goma ikiwa baridi, unaweza kukaa wiki tatu, hata mwezi, bila kulipatia tone la maji. Mnaochota maji ya ziwa kwa bidoni na kuyapandisha mlima mgongoni mnaelewa faida yake bila mimi kuhubiri.

Na tundu. Jamani, tundu! Mnawauzia watu vyungu vinavyong'aa, visivyo na tundu hata moja chini, halafu ua likioza mnasema mteja ana mkono mbaya. Kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari ni bora kuliko chungu hicho. Sisi wa Goma tumekalia mawe ya volkano, yale yale yanayotukata viatu. Yaponde yawe kama punje za mahindi, uchanganye nusu kwa nusu na udongo mweusi, maji yatapita, mizizi itapumua. Huo ndio utaalamu wote, na hauko kwenye simu yenu.

Majani yafutwe vumbi kwa kitambaa chenye maji, basi. Kulikuwa na sentineli mmoja, mlinzi wa lango, mtu wa kupenda kusaidia. Nilipougua siku chache aliamua kunishikia kazi, akayapaka majani yote mafuta ya kukaangia ili yang'ae. Yaling'aa kweli, kama maandazi. Kufikia Ijumaa vumbi lote la barabara ya Himbi lilikuwa limenata juu yake, na sisimizi walikuwa wamepata sikukuu. Nilitumia siku mbili kuyaosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja, na yeye amesimama pembeni ananiomba radhi. Sikumkasirikia. Alikosea akitaka kutenda mema.

Wewe wa rangi nilikukasirikia. Unajijua. Tuseme wazi, maana wateja wengi hawafahamu: ile sansevieria yenye pindo la manjano, ukikata kipande cha jani ukakipanda, kitaota, lakini watoto wake watatoka kijani kitupu, bila pindo. Ukitaka manjano lazima ung'oe mmea, ugawe shina la chini pamoja na mizizi yake. Ni kazi ya kusubiri. Sasa huyu bwana mdogo hakutaka kusubiri. Nilipita mezani kwake nikaona pindo zimenyooka kupita kiasi, nikakwaruza kwa ukucha, na manjano ikabaki kwenye ukucha wangu. Rangi ya mlango! Akanitazama, akasema, "Mama, biashara ni matangazo." Nilimwambia maneno ambayo mkristo hayarudii kwenye karatasi.

Msidhani silipendi ua lenyewe. Watu wa mashirika walipoondoka mjini kwa haraka, nyumba nyingi za Himbi zilifungwa na funguo zikaenda nao. Nilikuwa nimeshastaafu, lakini nyumba moja ilipofunguliwa baada ya miezi mingi waliniita nije kuangalia maua kama kuna la kuokoa. Kila kitu kilikuwa kimekauka, ukigusa kinavunjika. Kwenye kolido, mahali pasipo na dirisha, sansevieria nne zilikuwa zimesimama, zimejaa vumbi, hai. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo, sioni haya kusema. Mji huu una watu wengi wa namna hiyo.

Faida zake ni hizo. Linavumilia giza, linavumilia kiu, linapendeza macho, halina makuu. Liweke mbali na mbuzi na mtoto anayetambaa, kwa kuwa utomvu wake unachafua tumbo. Kuhusu hewa, mnasema linasafisha. Sawa, linasafisha kama vile mtu anayelipunguza Ziwa Kivu kwa kijiko. Hamna uongo ndani ya kijiko, ila usimwambie mtu aliye ndani ya maji asiogope kwa sababu umeshika kijiko.

Sasa nifike nilipotaka kufika.

Mazuku hamwezi kuniambia hamyajui. Kwa mgeni niseme: ni hewa inayotoka tumboni mwa ardhi yetu ya volkano. Huioni. Ni nzito, inashuka na kutulia kwenye mabonde na mashimo kama maji yanavyotulia, hasa asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Mbuzi akilala ndani yake haamki. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua, na mtoto aliye chini ya goti lake akafa.

Masika ni binti wa mdogo wangu. Ameolewa na Innocent, kijana wa familia ya Masisi, mtu wa kazi, anatoka kabla jua halijachomoza kwenda kupakua boti ziwani. Walikuwa wamepanga Keshero, nyumba iliyo chini ya barabara, ndani ya kibonde kati ya mawe. Watu wa kibonde kile wana desturi yao. Kila mguu wa kitanda huwekwa juu ya mawe matatu ya volkano yaliyochongwa, mpaka mgeni anauliza kama wanalala kwa ngazi. Na kabla ya kulala mtu hushusha mshumaa polepole mpaka sakafuni. Ukizimika, wote wanabeba mablanketi wanapanda barabarani. Ni tabu, lakini ndivyo wanavyozeeka.

Jumapili moja, kabla ya misa ya kwanza, niliwapelekea unga wa uji. Mtoto wao Baraka alikuwa na miezi minne. Kwenye njia ya kushuka nilikuta kuku wa jirani amelala miguu juu, hana jeraha. Hatua chache mbele, panzi wamekufa kwenye majani. Nikaharakisha. Masika alikuwa nje, amesimama kwenye jiwe la juu, anawasha makaa.

"Karibu, mama mukubwa! Ingia, mutoto angali analala."

"Kuku ya jirani imekufa, umeiona?"

"Ni mazuku. Lakini siye hatuogopake tena," akasema, anacheka. "Tuko na ile maua yako."

Niliingia. Madirisha yamezibwa matambara kwa sababu ya baridi. Kitanda hakipo. Godoro liko sakafuni, na Baraka katikati yake. Kichwani pa godoro, juu ya yale mawe yaliyokuwa yakiinua kitanda, yamepangwa vizuri kama altare, vimesimama vyungu vitatu vya sansevieria, vipya, na utepe mwekundu kila kimoja. Maua yako juu na mtoto yuko chini.

"Kitanda iko wapi?"

"Tulikitosha inje. Baraka alianguka siku moja, nikaogopa. Na Trésor wa Birere alituambia hii maua inakulaka mazuku yote ya chumba, tusisumbuke na mushumaa. Kichwa tu njo kinaniumaka kila asubui, nikisimama inje kinaacha."

"Leta mushumaa."

"Mama mukubwa..."

"Masika! Leta mushumaa!"

Niliuwasha mkononi mwangu. Kwenye kiuno ulisimama vizuri. Kwenye goti moto ukajikunja. Nilipoufikisha usawa wa godoro ukabaki kitone chekundu, na nilipoushusha kwenye saruji ukazimika, pale pale mbele ya vyungu vitatu vyenye utepe. Nilibana pumzi, nikainama, nikamnyakua mtoto, nikatoka. Sijui magoti yalifanyaje. Nilipanda kile kibonde na Masika nyuma yangu anapiga kelele, tukafika barabarani ambako upepo wa ziwa unapita.

Baraka alikuwa anahema haraka haraka, mdomo umebadilika rangi, kichwa kinaanguka huku na huku. Nilimwita jina. Nikampapasa mgongo, nikamgeuza uso upande wa upepo. Watu waliokuwa wanaenda misa walisimama kutuzunguka na mimi nikawafukuza kwa matusi, waache hewa ipite. Sijui ilichukua muda gani. Halafu akakunja uso, akapiga chafya, akalia, kilio kikubwa cha hasira. Masika akaketi kwenye vumbi la barabara na nguo zake za Jumapili.

"Mimi njo nilitosha ile mawe chini ya kitanda," akasema. "Kwa hii mikono yangu."

Motari mmoja, dereva wa pikipiki, alitubeba mpaka kituo cha afya, na Baraka alikaa huko siku nzima akiangaliwa. Alipona. Tangu siku hiyo wanaishi kwangu, wote watatu, tunabanana, na yule mtoto analia kuliko radio. Nasikia raha kila akilia.

Jumatatu nilikwenda Birere. Trésor mnamjua, ni kijana wa kusema vizuri, ana meza karibu na wauza vitenge. Hasira ilikuwa imenijaa tangu jana yake, nilikuwa nimepanga maneno yangu yote. Nilimsimulia kila kitu mbele ya wateja wake, sikuacha kuku wala panzi. Nilipomaliza akavuta begi chini ya meza, akatoa kaye, daftari la shule lililokunjwa kona.

"Mama Maua, unisamehe," akasema kwa sauti ndogo. "Si ni weye ulitufundishaka? Mu sale ya paruasi, siye vijana wote. Niliandika."

Akanifungulia ukurasa. Mwandiko mzuri, kalamu ya bluu: *Sansevieria. Usiku inakula hewa mbaya ya chumba.*

"Nilisema kidogo!" nikamwambia. "Nilisema inakula kidogo!"

"Kidogo haukuisema, mama. Nilikuwa niko naandika kila neno."

Nilitaka kukataa. Lakini nilikumbuka ile siku kwenye ukumbi wa parokia. Vijana wamejaa kwenye viti, wananitazama kama mtu mkubwa, na mimi nikatoa maneno yale yale niliyokuwa nikiwapa wake wa wakubwa wa Himbi ili wanunue chungu cha pili. Yalikuwa maneno matamu, nusu yake kweli, na hakuna aliyekufa Himbi, kwa sababu wale walikuwa wanalala ghorofani. Sikufikiria kwamba mbele yangu wameketi watoto wa Keshero. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa wengine.

Kwa hiyo mkinisikia nimekasirika, jueni kwamba na mimi nimo ndani ya hasira hiyo. Lakini msitabasamu. Kosa langu halifanyi uongo wenu kuwa kweli.

Nilimwambia Trésor afunge meza. Tulikwenda wote wawili Keshero kesho yake asubuhi mapema, tukasimama mlangoni pa ile nyumba tupu, nikampa mshumaa aufunge kwenye fimbo na kuushusha mwenyewe, mimi nikiwa nimemshika mkanda. Alipoona moto unazimika mbele ya maua yake, alirudisha mkono, akawasha tena, akashusha tena. Ukazimika tena. Alichukua kaye yake, akalifuta kwa kalamu lile neno la kula hewa mbaya mpaka karatasi ikatoboka.

Jumamosi iliyofuata nilikaa karibu na meza yake, siwafichi, nilikwenda kumchunga. Akaja mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, ameshika pembe ya kitenge kwa meno anapofunga. Akaigusa sansevieria kubwa.

"Hii njo ile inafukuzaka mazuku?"

Trésor akanitazama, kisha akamtazama yeye.

"Hapana, mama. Haifukuze. Ni ya kupamba tu. Unakaaka wapi?"

"Keshero, kule chini."

"Mutoto analalaka juu ya kitanda?"

Yule mama akakunja uso. Hakuwa amekuja kuulizwa mambo ya nyumbani kwake. "Kama ya kwako haifukuze, nitapata yenye kufukuza," akasema, akaenda zake. Trésor alimwita mara mbili. Mimi nikainuka kwenye kigoda, nikapita kati ya wauza vitenge, na nikamwona amesimama kwenye meza ya pili, kwa kijana ambaye simjui, anauliza swali lile lile. Nikapiga kelele. Birere ile, nani angesikia? Nilimwona yule kijana anaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, mama, inafukuza yote, na anafunga utepe mwekundu.

Nilipofika alikuwa ameshapanda motari, chungu kwenye mapaja. Yule kijana alikuwa bado anatabasamu. Nilimuuliza mama yule anaitwa nani, nyumba yake iko wapi, akaniambia wateja ni wengi, hawezi kujua kila mtu. Nimezunguka Keshero siku tatu na Masika, tunauliza nyumba kwa nyumba, mama kijana mwenye ua lenye utepe. Tumewakuta wanne, na mawe yao tumeyarudisha chini ya vitanda. Yeye hatujampata.

Wewe wa meza ya pili, ni wewe ninayekuandikia. Jaribu kukumbuka sura yake, uliza motari, nenda ukamtafute. Mtoto wake ana kama miezi mitatu, na leo analala chini.